Sauti ya Pili Peke Yake

Nyumba yao ilikaa karibu mno na barabara kuu. Malori yanayotoka Tunduma yalipopita Ipogolo, chini ya mji wa Iringa, vikombe vilitetemeka mezani na maji ndani yake yakajichora miduara midogo midogo. Yalikuwa maji ya moto matupu. Mama wa nyumba ile alianzisha jambo hilo siku ya kwanza alipotukaribisha chai nasi tukamwambia kwamba kanisa letu linakataza majani ya chai. Alilibeba birika lake akarudi nalo jikoni. Tukadhani tumemuudhi. Baada ya muda akaja na birika lilelile, akatumiminia maji yanayofuka mvuke, akasogeza na bakuli la sukari.

"Haya, wageni wa maji," alisema. "Kwetu hivi anakunywa mwenye homa."

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa nimetoka Kenya, upande wa magharibi, nikaletwa Nyanda za Juu Kusini kuhubiri. Nilivaa shati jeupe, tai, na kibandiko cheusi kifuani. Kwenye kibandiko kulikuwa na jina la ukoo, na mbele yake neno Mzee. Ndivyo tulivyoitwa wamisionari wote wa kiume, hata wale ambao kidevu chao kilikuwa bado laini kama cha mtoto. Mtaani walituita Wamormoni, au watu wa tai. Hatukuruhusiwa kutembea peke yetu. Tuliishi wawili wawili, mmoja asimpoteze mwenzake machoni, na mwenzangu wakati huo alikuwa Mganda mrefu, mpole, aliyekuwa akikaribia kumaliza utumishi wake.

Mwenye nyumba alikuwa dereva wa malori aliyestaafu. Miguu ilimvimba, pumzi ikamwia fupi, na kazi yake ikabaki kukaa dirishani akisikiliza barabara. Siku ile ya kwanza alisoma vibandiko vyetu polepole, akaangua kicheko hadi akakohoa.

"Wazee! Mama nanihii, njoo uone, tumeletewa wazee!" Akanigeukia mimi. "Sasa mzee mimi, mzee wewe. Shikamoo inatoka kwa nani?"

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Angalau mna adabu. Kaeni, wazee wangu."

Tulikwenda kwake tena na tena. Nadhani alitupenda kwanza kwa sababu tulikuja. Wenzake wa barabarani walikuwa wamekufa au wamehama, na majirani walikuwa wamechoka na ugonjwa usioisha. Ilipofika kiangazi tulimbatiza kwenye Ruaha Mdogo, maji yakiwa yamepungua na mawe yakionekana. Tulimshika huku na huku kwa sababu miguu haikuweza. Mkewe alisimama ukingoni na nguo zake kavu kifuani, akitazama. Yeye hakutufuata. Alibaki kwenye kanisa lake, lile lenye kengele inayosikika mpaka ng'ambo ya daraja, alikoimba kwaya ya akina mama tangu ubinti wake.

"Mimi ni sauti ya pili," alinieleza siku moja akichambua maharage. "Wimbo wenyewe siimbi. Naimba chini ya wimbo."

Kabla ya kubatizwa, mumewe alikuwa amekwenda kanisani huko kwa mkongojo, akaaga mbele ya wazee wa kanisa. Angeweza kunyamaza tu, watu wengi hunyamaza. Lakini alikuwa mtu wa kupiga honi anapopita gari jingine. Alitaka waone.

Mvua za kwanza ziliponyesha alianza kuuliza habari za kuzikwa.

Ilikuwa mchana, malori yanapita, maji yanatetemeka vikombeni. Alitusimulia juu ya utingo wake, mtu mzima mwenye familia, aliyemfia safarini upande wa Zambia kwa homa. Walimzika hukohuko kandokando ya barabara, madereva wachache na askari mmoja aliyekuwa na haraka.

"Tulimfukia kama tunapanda muhogo," alisema. "Hakuna aliyefungua mdomo. Mimi mwenyewe sikufungua. Tulikuwa tunatazama magari yetu. Mpaka leo nikilala nasikia ule udongo, pu, pu, hakuna kitu kingine." Akamtazama mwenzangu, kisha mimi. "Ninyi mkizika mtu, mnaimba?"

"Tunaimba, babu," nilisema.

"Nyingi?"

"Nyingi."

"Basi mtanizika ninyi. Ila msiniharakishe."

Mkewe alikuwa mlangoni. Alisema, "Wewe mzee wewe, unakufa lini tukae tayari?" Wote wawili wakacheka. Nami nikacheka, nikaahidi. Sikuwa nimewahi kuona mazishi ya kanisa letu hata mara moja. Babu yangu alizikwa na kanisa jingine, nyumbani, kwa ngoma na matarumbeta, siku nzima. Nilidhani mazishi ni mazishi.

Desemba ilikuja na uhamisho. Kwetu, kila baada ya muda mfupi, mkubwa wa misheni alipiga simu kutoka Pwani akapanga upya nani aende wapi, na jibu lilikuwa moja tu. Mwenzangu Mganda alimaliza utumishi akarudi kwao. Mimi nikapelekwa Mbeya. Nyumba yetu ya Iringa ikafungwa hadi Januari, watakapokuja wengine. Nilimuaga babu akiwa amelala, maana kukaa kulikuwa kumeshamshinda. Alisikiliza lori likipanda, akasema, "Hilo limebeba mzigo mzito," kisha akafumba macho.

Mbeya ilikuwa baridi. Ukungu ulishuka kutoka mlima Loleza asubuhi ukakaa juu ya mabati kama moshi usiokuwa na moto, na mchana mvua ikaja kuuchukua. Mwenzangu mpya alikuwa Mmarekani kutoka kwenye mashamba ya theluji, mwenye mikono mikubwa na masikio yanayoona haya upesi. Alikuwa ndiyo kwanza amefika. Aliamini Afrika yote ni joto, kwa hiyo hakuja na sweta. Kiswahili chake kilikuwa cha sala. Aliweza kumshukuru Mungu kwa ufasaha lakini hakuweza kununua nyanya. Kwa ajili ya Krismasi tulijifunza wimbo mmoja wa kuzaliwa kwa mtoto, tukazunguka nao kwenye nyumba za waumini, mimi nikiimba kwa kichwa na yeye akisoma kwenye simu. Akina mama wa Mbeya walimpenda. "Huyu mtoto anaimba kama anatafuna mahindi ya moto," alisema mmoja, akampa sweta la mwanawe.

Siku ya Krismasi yenyewe kanisa lilikuwa na viti vitupu. Watu walikuwa wamekwenda kwao, Tukuyu, Kyela, Njombe, kama watu wanavyokwenda kila mwaka. Baada ya ibada niliongea na nyumbani. Simu ilijaa nyuso: mama, dada zangu, moshi wa jikoni, kuku aliyeshikwa kichwa chini akionyeshwa kwangu kama mgeni rasmi. Mama aliuliza kama nakula. Nilisema nakula. Aliuliza kama nina furaha, na picha ikaganda kabla sijajibu, mdomo wake ukiwa wazi.

Simu ilipolia tena nilidhani ni yeye.

"Mzee wenu amelala," ilisema sauti ya mama wa Ipogolo.

"Amelala, bibi?"

"Amelala, mwanangu. Alfajiri ya leo, kengele inapigwa." Nyuma yake lori lilipita. "Kesho tunazika. Nimeongea na mchungaji. Amenipa pole, na atakuja kunipa pole tena. Lakini kumzika hawezi, mtu aliaga mwenyewe mbele za watu. Na kwaya haitavaa sare, haitaimba. Wanakuja kama majirani tu. Siwalaumu, utaratibu ndiyo huo, nami naujua. Sasa nangoja nani? Nawangoja ninyi."

Kiongozi wa tawi letu la Iringa alikuwa kwao, mbali, waumini wake wachache nao wametawanyika kwa sikukuu, na mabasi yamejaa. Aliniambia kwenye simu, "Mzikeni ninyi, Mzee. Mnaweza." Mkubwa wa misheni alinipa ruhusa ya kutoka eneo langu, nilale usiku mmoja kwenye nyumba yetu ya zamani, kisha nirudi. Alikuwa mpole sana. Alinikumbusha tu kwamba kitabu chetu cha maelekezo kina sehemu ya mazishi. Niliifungua usiku huohuo. Wimbo, maneno machache, kisha sala ya kuweka wakfu kaburi, fupi na ya staha. Niliikariri sala kwa maneno yangu mwenyewe mpaka nikaona ni nzuri. Nililala kama mwanafunzi aliyejiandaa kwa mtihani.

Tuliondoka Mbeya gizani. Mvua ilitusindikiza hadi Makambako, na kule Mafinga misonobari ya Sao Hill ilisimama safu kwa safu, myeusi kwa maji. Kando ya barabara watu walikuwa bado wanauza matawi yaliyokatwa kwa ajili ya Krismasi, na madereva wengine walikuwa wameyafunga mbele ya magari yao. Mmarekani alibandika uso kwenye kioo cha dirisha. Alisema kwao ni hivi.

Tulipofika Ipogolo walikuwa wamekwisha kupeleka mwili makaburini, kwa kuwa kaburi lilikuwa linajaa maji na hakuna aliyetaka kungoja. Tulikimbia na viatu vyetu vyeusi kwenye tope jekundu. Watu walikuwa wengi kuliko nilivyotarajia. Wanaume wawili walikuwa ndani ya shimo wakichota maji kwa ndoo, wakiyamwaga pembeni, nayo yakirudi taratibu kupitia njia yake. Jeneza lilikuwa juu ya vijiti viwili. Kaka yake bibi, fundi wa mbao kutoka Mafinga, ndiye aliyelitengeneza, na halikuwa limepigwa rangi. Lilinuka utomvu, mbichi, kama mti uliokatwa asubuhi.

"Hawa hapa," watu walisema. "Wamefika."

Walitupisha. Hilo nalikumbuka vizuri, jinsi walivyotupisha, wanaume watu wazima wakirudi nyuma ili vijana wawili wenye tai wapite. Bibi alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, kanga imemfunika mpaka kwenye nyusi. Nyuma yake, mbali kidogo, walisimama akina mama wenzake wa kwaya wakiwa na miavuli na vitenge, kila mmoja na chake, hakuna viwili vinavyofanana. Nilijua ni wao kwa namna walivyosimama. Bila kupenda walikuwa wamejipanga kwa sauti.

Tuliimba. Mmarekani alishika simu chini ya koti, maji yakidondokea kioo, na maneno yakimponyoka. Sauti zetu zilikuwa mbili, za juu na za aibu, na upepo ukazipeleka upande wa mto. Nilisema maneno machache: alikuwa dereva, alikuwa mchangamfu, alimpenda Mungu. Kisha nikaomba. Niliweka wakfu kaburi lile liwe mahali pa kupumzikia mpaka siku ya ufufuo. Sala ilikuwa fupi na ya staha. Nikasema amina, watu wakasema amina, nikafumbua macho na kurudi nyuma hatua moja kuwapisha wenye kushusha jeneza.

Hakuna aliyesogea.

Mvua ilikuwa inapiga miavuli. Mmoja wa wale waliokuwa shimoni aliinua uso, ndoo mkononi.

"Endeleeni, vijana," alisema kaka yake bibi. Alinuka ulanzi, ile pombe ya mianzi inayoanza kugemwa mvua zikija, lakini macho yake yalikuwa makavu na makini.

"Tumemaliza, mjomba."

"Mmemaliza nini?"

"Ibada."

Alimtazama Mmarekani, kana kwamba mtu mkubwa namna ile lazima awe na kitu kingine mfukoni. Akarudi kwangu.

"Kwani hiyo haikuwa ya kufungulia?"

Nikasikia mwanamke nyuma akiuliza kwa sauti ya chini, "Hata wasifu wake hausomwi?" Na mwingine, "Mbona wanamkimbiza?" Hapo ndipo nilipoelewa. Huku Iringa, kama kwetu, mtu anasindikizwa. Anasomewa alikozaliwa na alikosoma na watoto aliowaacha na ugonjwa uliomchukua. Kwaya inaimba mwili unapotoka, inaimba njiani, inaimba jeneza linaposhuka, na inaimba udongo unapoingia mpaka sauti ya udongo isisikike. Nyimbo zile ndizo zinazolifunika jeneza kwanza. Mimi nilikuwa nimeleta sala moja nzuri kutoka Mbeya.

"Huyu mtu kaendesha gari mpaka Kongo," alisema kaka yake bibi, bila kupandisha sauti, na afadhali angepandisha. "Mnamuaga hivyo? Basi angalau imbeni wakati tunamshusha."

Nilimgeukia mwenzangu. Alikuwa ameshaelewa, masikio yalikuwa mekundu. Aliniambia kwa Kiingereza kwamba simu imezimika kwa maji, na kwamba bila kusoma anajua wimbo mmoja tu kwa Kiswahili.

Nilijua ni upi. Sina sauti ya kusimama peke yake, sijawahi kuwa nayo. Kamba zilikuwa zimeanza kupita chini ya jeneza. Basi tukaimba ule. Tuliimba juu ya mtoto mchanga aliyelazwa kwenye majani, na nyota, na usiku mtulivu, huku jeneza la msonobari likishuka likagusa maji kwa sauti niliyoisikia. Mtu mmoja alicheka, kicheko kifupi kilichomponyoka, akakizima kwa kiganja. Wengine walitazama chini. Wimbo ulipokwisha, udongo ulianza. Ulikuwa mzito kwa mvua. Pu. Pu.

Ndipo bibi aliposimama.

Hakutazama mtu. Alifungua mdomo akaimba, lakini tuni yake ilikuwa ya ajabu, ilikaa mahali pamoja, ikapanda ngazi moja, ikarudi, ikangoja. Niliwaza kwamba huzuni imemchanganya. Kisha nikajua. Alikuwa anaimba sehemu yake. Sauti ya pili, peke yake, chini ya wimbo ambao haukuwepo. Mahali sauti ya kwanza ilipotakiwa kuingia alinyamaza, kwa haki kabisa, akaiachia nafasi yake, kisha akaendelea na ya kwake.

Niliwatazama wale akina mama. Mmoja midomo ilikuwa inatetemeka. Mwingine aliushusha mwavuli mpaka ukamficha uso. Mchungaji wao alikuwa pale kama alivyoahidi, amevua kofia, amelowa, mtu mwenye huzuni ya kweli. Hakuwakataza kwa jicho wala kwa mkono. Lakini utaratibu ulikuwa umesemwa, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza. Bibi aliimba beti zote. Majembe yalikuwa na sauti kuliko yeye.

Nyumbani watu walikunywa chai. Sisi tulikaa kwenye benchi kando ya ukuta, tope limetukaukia magotini, na hakuna aliyetusema vibaya. Walitusogezea sahani ya ugali na maharage. Bibi mwenyewe alikuja na vikombe viwili vya maji ya moto. Nilisimama kumpokea.

"Kunyweni. Mmetoka mbali."

"Bibi, tutasema nini..."

"Usiseme." Alikaa upande wangu, kwa shida, akishika goti. Tulilisikiliza lori likipita. "Alisema mtaimba nyingi."

"Ndiyo, bibi."

"Mliimba mbili. Na moja ni ya mtoto kuzaliwa."

Hakuwa anatania wala kulaumu. Alikuwa anaeleza kilichotokea, kama mtu anayemweleza aliyekuwa safarini. Kisha akamgusa Mmarekani begani, akamwambia, "Na wewe, pole. Una baridi," akaenda zake jikoni. Maji yalitetemeka kikombeni mwangu mpaka yakapoa.

Asubuhi yake tulipanda basi la kurudi Mbeya. Lilishuka kutoka mjini, likasimama Ipogolo kupakia watu, na dirisha langu likatazamana na ile nyumba. Mvua ilikuwa imekatika. Dirisha la babu lilikuwa wazi, kiti kimeondolewa. Uwanjani, kwenye mkeka, bibi alikuwa amekaa na masufuria ya msiba yakiwa yamerundikana mbele yake, akisugua moja kwa jivu. Alikuwa na wenzake wanne au watano, wale wa vitenge visivyofanana, wamejipanga vilevile kama makaburini, wawili kushoto kwake, wengine kulia. Walikuwa wanaosha vyombo. Vichwa vyao viliinama juu ya kazi, na midomo yao yote ilikuwa inafunguka na kufungika kwa pamoja. Walipomaliza, mmoja alipangusa mikono, akatupa maji machafu kwenye migomba, akarudi kukaa, na midomo ikaanza tena. Bibi hakuwa tena akingoja sauti ya kwanza.

Nilijaribu kufungua kioo. Kilikuwa kimekwama. Lori la mzigo lilisimama kati yetu na nyumba, injini ikinguruma, na lilipoondoka basi letu nalo liliondoka, kwa hiyo sikusikia hata neno moja.